Paneli za seva: kabla ya kuchagua, uliza daftari liko kwa nani

Mtu akinunua kompyuta ya mtumba Kariakoo au Luthuli Avenue, zile ndogo za Dell OptiPlex au HP EliteDesk zilizomaliza kazi kwenye maofisi ya Ulaya, akaiongezea diski mbili na kuitangaza kuwa ndiyo seva ya ofisi, swali linalofuata huwa moja: niweke paneli gani, yaani programu ya kuisimamia seva kwa kubofya kwenye kivinjari? Akiuliza watu watano atapata majina matano. Huyu atamwambia Webmin, yule Cockpit, mwingine CasaOS, wa nne Proxmox, na hakosekani wa kumshauri atafute cPanel ya bure. Kila mmoja anataja aliyoizoea, na wote wanaweza kuwa sahihi kwa kazi zao, kwa sababu majina hayo si ya vitu vya aina moja. Cockpit huangalia mfumo uliopo tayari. Proxmox ndiyo mfumo wenyewe. Kuzilinganisha kwa kuangalia ipi ina kurasa nzuri zaidi hakumsaidii mtu.

Kinachozitenganisha hakionekani kwenye picha za matangazo. Linux huweka mipangilio yake kwenye mafaili ya maandishi ya kawaida, mengi yakiwa chini ya folda ya /etc. Samba, programu inayoziwezesha kompyuta za Windows kuona mafolda ya seva, inasoma /etc/samba/smb.conf. Seva ya tovuti ina mafaili yake, ratiba za kazi za usiku zina mafaili yake. Hayo ndiyo daftari la seva. Kila paneli imeamua jinsi ya kuishi na daftari hilo: nyingine inauliza tu mfumo una hali gani na kuonyesha jibu, nyingine inaandika kwenye ukurasa uleule ambao wewe ungeandika kwa mkono, na nyingine ina daftari lake pembeni, ambalo kila ukibofya kitufe cha kuhifadhi hunakiliwa juu ya lile la mfumo. Duka lenye madaftari mawili ya madeni, moja kwa mwenye duka na jingine kwa kijana wa kaunta, halikosi ugomvi mwisho wa mwezi. Seva nayo ni hivyohivyo, na ugomvi mwingi ambao watu huuita "paneli imeharibu seva" huanzia hapo.

Kuweka dawati zima

Wengi hawaanzi na paneli kabisa. Wanasakinisha Ubuntu ya kawaida yenye madirisha na picha ya ukutani, wanaweka AnyDesk au programu nyingine ya kuona skrini kwa mbali, na kazi inaendelea. Sioni sababu ya kumcheka mtu wa namna hii. Kama seva ni ya nyumbani na inahifadhi sinema na picha za harusi, itamtosha.

Shida ni kwamba dawati lilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekaa mbele ya skrini. Mfumo wa dawati wa GNOME, katika baadhi ya matoleo ya Linux, hulaza kompyuta ikikaa dakika 15 au 20 bila kuguswa, hata kama wafanyakazi watatu wanafungua mafaili kupitia mtandao wakati huohuo. Fundi anaitwa, anagusa kibodi, kila kitu kinarudi, anaondoka, na baada ya muda seva "inakufa" tena. Dawati pia linakula kumbukumbu, jambo linaloumiza mashine yenye GB 4. Halafu kuna kinachowashangaza wengi zaidi: ukurasa wa mipangilio wa dawati husimamia dawati. Unabadilisha sauti, mwangaza na lugha ya kibodi. Ukitaka kumwongezea mhasibu folda ambayo wengine hawaioni, utarudi palepale kwenye dirisha jeusi la amri ulilokuwa unalikimbia.

Inayouliza bila kuandika pembeni

Cockpit ni mradi unaodhaminiwa na Red Hat, na unapatikana kwenye matoleo ya Linux kama Fedora, Debian, Ubuntu na jamaa zao. Unafungua kivinjari, unaandika anwani ya seva na poti (namba ya mlango wa huduma) 9090, unaingia kwa jina na nywila zilezile za akaunti yako ya Linux. Haina watumiaji wake, haina hifadhidata yake. Ukiondoka, inajizima; inaamka pale mtu anapogonga poti hiyo tena. Ukibadilisha jambo kwa amri kwenye dirisha jeusi, ukurasa wa Cockpit uliokuwa wazi unabadilika papo hapo, kwa sababu kazi yake ni kuuliza mfumo.

Humo utaona diski zimejaa kiasi gani, huduma ipi imeanguka, kumbukumbu za matukio zinasema nini, na unaweza kuongeza mtumiaji, kuwasha upya mashine au kufungua terminali, lile dirisha jeusi la amri, ndani ya kivinjari. Nafikiri hiyo terminali ndiyo sababu nzuri zaidi ya kuichagua kwa mtu anayejifunza: unabofya, unaona kilichotokea, siku nyingine unaandika amri yenyewe, na hakuna kati ya njia hizo mbili inayoivuruga nyenzake.

Upungufu wake ni wa wazi. Cockpit tupu haijui kugawa mafolda kwa Samba, haijui barua pepe, haijui tovuti. Kampuni ya 45Drives imetengeneza nyongeza ya kugawa mafaili inayoziba pengo la kwanza, na zipo nyongeza za mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta) na kontena (programu iliyofungwa pamoja na mahitaji yake). Kwenye Ubuntu Server kuna kero inayowapata karibu wote: ukurasa wa masasisho unaweza kulalamika kwamba mashine haina intaneti ilhali ipo. Chanzo ni kwamba Ubuntu Server husimamia mtandao kwa programu moja na Cockpit huulizia nyingine, NetworkManager. Seva haijaharibika, aliyeulizwa siye mwenye habari.

Inayoandika kwenye ukurasa uleule

Webmin ni mkongwe. Jamie Cameron aliitoa mwaka 1997, imeandikwa kwa lugha ya Perl, na inasikiliza kwenye poti 10000. Ina moduli kwa karibu kila kitu ambacho seva ndogo inaweza kufanya: Samba, Apache ya tovuti, BIND ya majina ya mtandao, Postfix ya barua pepe, MySQL ya hifadhidata, ratiba za cron, mgao wa nafasi za diski. Ukibadilisha kitu, inafungua faili halisi la huduma hiyo, inabadilisha mistari inayohusika na kuyaacha mengine, pamoja na maelezo uliyojiandikia mwenyewe. Kesho ukiingia kwa amri utalikuta faili likisomeka vilevile. Ukiiondoa Webmin keshokutwa, Samba itaendelea kugawa mafolda kana kwamba hakuna aliyehama.

Sifa hiyo ni kubwa kuliko watu wanavyoipa uzito, na ndiyo inayonifanya niisamehe Webmin mambo mengi, kuanzia kurasa zake zilizojaa visanduku vya kuandika hadi tabia yake ya kukuonyesha kila chaguo lililopo duniani bila kukuambia lipi ni la maana. Maana Webmin haikufundishi. Moduli yake ya BIND inamfaa mtu anayeijua DNS, mfumo wa kugeuza majina ya mtandao kuwa anwani, na amechoka kuandika mabano. Asiyeijua ataongeza rekodi, atabofya, na atabaki anashangaa kwa nini jina halifunguki.

Lakini Webmin inafanya kazi kwa mamlaka ya root, yaani mwenye uwezo wa kila kitu, na historia yake ina somo ambalo yeyote anayeweka paneli anapaswa kulijua. Mwezi Agosti 2019 ilibainika kwamba msimbo wa hila ulikuwa umepenyezwa kwenye vifurushi vilivyokuwa vikipakuliwa na watu, ilhali msimbo uliokuwa wazi kwenye GitHub ulikuwa safi. Mvamizi alikuwa ameingia kwenye mashine ya kutengenezea vifurushi tangu mwaka 2018. Toleo 1.890 lilimruhusu mtu yeyote aliyeifikia poti ile kutekeleza amri bila nywila. Matoleo yaliyofuata hadi 1.920 yalikuwa na hatari hiyo pale ambapo chaguo fulani la kubadilisha nywila zilizokwisha muda lilikuwa limewashwa. Toleo 1.930 ndilo lililosafisha. Wenye Webmin iliyofikika kutoka ndani ya ofisi tu walikuwa na muda wa kusasisha kwa utulivu. Walioiweka wazi kwa dunia nzima hawakuwa nao.

Zenye daftari lao

Kundi la tatu ndilo lenye sura nzuri kuliko yote, na ndilo linalomvutia mtu mwenye biashara asiyetaka kujua /etc ni nini. OpenMediaVault ya Volker Theile, mfumo wa seva ya kuhifadhi mafaili uliojengwa juu ya Debian, ni mfano mzuri wa tabia yake. Kila unachobofya kinaingia kwanza kwenye faili moja, /etc/openmediavault/config.xml. Ukithibitisha mabadiliko, ndipo inapotengeneza upya smb.conf na mafaili mengine kutoka humo. Fundi akija siku moja akarekebisha smb.conf kwa mkono, atafurahi wiki nzima. Siku utakayoongeza folda mpya kwenye paneli, kazi yake itafutika bila kelele. Na haitakuwa imevunja ahadi yoyote: ndani ya mafaili hayo kuna mstari unaosema kwamba yametengenezwa na mashine.

TrueNAS, nayo ya kuhifadhi mafaili, imekwenda mbali zaidi. Inaichukua diski nzima ya kuanzishia mfumo kwa ajili yake, haitaki usakinishe programu za pembeni kwa apt (amri ya kusakinisha programu), na data yako inakaa kwenye diski nyingine chini ya mfumo wa mafaili wa ZFS. Inataka angalau GB 8 za kumbukumbu. Ukikubali masharti unapata kitu imara sana: picha za papo hapo za mafolda unazoweza kurudia pale mtu anapofuta faili la mishahara, ukaguzi wa diski wa mara kwa mara, na mipangilio yote ya paneli inayotoka kama faili moja la kuhifadhi mahali salama. Usipokubali masharti, usiisakinishe.

Gharama ya kukabidhi daftari ni kwamba mwenye paneli akibadili mawazo, nawe umebadilishiwa. Kwa miaka kadhaa programu za nyongeza za TrueNAS SCALE, toleo lake la Linux, ziliendeshwa kwa Kubernetes, mfumo mkubwa wa kuendesha kontena. Katika toleo la Oktoba 2024 waliiacha wakahamia Docker, ulio mwepesi zaidi. Uamuzi ulikuwa wa busara, lakini waliokuwa wamejaza programu kutoka katalogi za watu wengine walilazimika kuzihamisha au kuzijenga upya kwa mikono. Data kwenye ZFS haikuguswa; kilichohama ni daftari.

YunoHost, inayolenga mtu anayetaka barua pepe na programu zake binafsi nyumbani, ina adabu kidogo hapa. Inakumbuka mafaili iliyoyaandika, na ikigundua kwamba umelibadilisha moja kwa mkono, hailifuti mpaka uiamuru. Natamani nyingine zote zingeiga.

Proxmox nayo inastahili aya yake, kwa sababu tangu Broadcom iinunue VMware mwaka 2023 na kuliondoa mwanzoni mwa 2024 toleo la bure la ESXi, programu yake ya mashine pepe (lilirudishwa Aprili 2025), jina hili limekuwa likitajwa hata kwenye ofisi zenye kompyuta tano. Inatoka Vienna, imekuwepo tangu 2008, paneli yake iko poti 8006, na kazi yake ni moja: kugawa mashine moja kuwa mashine pepe na kontena nyingi. Haigawi mafolda ya ofisi. Haina kitufe cha kumwongezea mhasibu nafasi. Unaitumia pale unapotaka programu ya mauzo ikae kwenye Windows yake, mafaili yakae kwenye Debian yake, na majaribio yako yakae mbali na vyote viwili. Kwa mtu anayejifunza hiyo ni zawadi kubwa: unapiga picha ya mashine pepe kabla ya kujaribu jambo, unaharibu, unarudi ulipokuwa. Kuna vitu viwili vya kujua mapema. Ukishaisakinisha, masasisho yatagoma hadi ubadilishe hazina ya vifurushi kutoka ile ya wateja wanaolipa kwenda ile isiyo ya malipo. Pia, bakapu zake huhifadhi mashine pepe, si mwenyeji wake. Yaliyomo kwenye /etc/pve na mipangilio ya mtandao unayanakili mwenyewe.

Kontena na faiwoli iliyopitwa

Siku hizi programu nyingi za nyumbani, kama Nextcloud ya mafaili au Jellyfin ya sinema, watu huziendesha kwa Docker, na paneli maarufu ya kuzisimamia ni Portainer. Swali la daftari linarudi hapa kwa sura nyingine. Kontena hupangwa kwa faili fupi la Compose linalosema programu ipi, toleo lipi, folda ipi, poti ipi. Ukiandika faili hilo ndani ya Portainer, Portainer inalihifadhi kwenye eneo lake. Dockge, programu ndogo zaidi ya Louis Lam, inaliweka kwenye folda ya kawaida chini ya /opt/stacks, ambako unaweza kulisoma, kulinakili kwenye flashi na kuliendesha kwenye mashine nyingine bila Dockge yenyewe. Portainer ina uwezo mwingi zaidi, hasa ukiwa na seva kadhaa. Kwa seva moja ya nyumbani ningechukua Dockge, au ningehakikisha kila ninachokiandika Portainer kina nakala nje yake.

Kuna mtego hapa ambao hakuna paneli itakayokuonyesha. Watu wengi wa Ubuntu hufunga poti kwa UFW, faiwoli ya Ubuntu, wanaona imeandikwa wazi kwamba poti 8080 imefungwa, wanalala. Docker, inapofungua poti ya kontena, huandika kanuni zake moja kwa moja kwenye iptables, kanuni za mtandao ndani ya Linux, na kupita kando ya UFW. Faiwoli inasema imefungwa, na poti iko wazi. Tiba rahisi ni kuandika 127.0.0.1 mbele ya namba ya poti kwenye faili la Compose, ili programu isikilize ndani ya seva tu, kisha uifikie kwa njia nyingine. Jambo la pili: paneli yoyote uliyoipa faili la /var/run/docker.sock umeipa seva nzima, kwa kuwa anayeweza kuiamuru Docker anaweza kuanzisha kontena inayosoma diski yote. Nywila ya Portainer ichukuliwe kama nywila ya root.

Paneli za kuuza tovuti

cPanel, Plesk, ISPConfig, HestiaCP, CyberPanel na ndugu zao zilitengenezwa kwa anayewahifadhia wateja tovuti: kila mteja na akaunti yake, barua pepe zake, kikomo chake cha nafasi. Kama hufanyi biashara hiyo, sehemu kubwa ya paneli itakuwa inaendesha huduma usizozihitaji, na kila huduma isiyohitajika ni mlango wa kulindwa. cPanel inalipiwa, na tangu 2019 leseni zake zinapangwa kwa idadi ya akaunti. "cPanel ya bure" inayosambazwa kwenye magrupu ni ile iliyovunjwa leseni. Aliyeivunja ameshika msimbo unaofanya kazi kwa mamlaka ya root kwenye seva yako. Jiulize kwa nini alijisumbua.

Hata zilizo za bure kihalali zinataka macho. Oktoba 2024 udhaifu kwenye CyberPanel ulitumiwa na wadukuzi waliofunga mafaili ya watu na kudai fidia, wakati seva zaidi ya 20,000 zenye paneli hiyo zikiwa zinafikika kutoka popote kwenye intaneti. Mpangilio ni uleule wa Webmin: programu yenye nguvu zote, poti inayojulikana, mlango unaoelekea barabarani.

Paneli isikae barabarani

Kwa hiyo, paneli yoyote utakayoichagua, usiifungulie poti kwenye ruta. Wengi wetu kwa kweli hatuwezi hata tukitaka. Intaneti ya laini ya simu, na nyingi za majumbani, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Angalia ukurasa wa ruta yako: kama anwani ya upande wa nje inaanza na 100.64 hadi 100.127, uko kwenye kundi hilo, na hakuna kufungua poti kutakakomfikia mtu wa nje. Watu hulalamikia hali hii, lakini imewaokoa wengi bila wao kujua.

Njia nzuri ya kuifikia seva ukiwa safarini ni mtandao binafsi wa WireGuard, ama ukiupanga mwenyewe pale ulipo na anwani ya umma, ama kupitia Tailscale, inayotumia WireGuard ndani yake na kufanya kazi hata nyuma ya anwani ya kushirikiana. Ukiwa na SSH tayari, yaani njia salama ya kuingia kwenye seva kwa amri, hata hiyo si lazima. Amri moja kwenye laptop yako inatosha:

ssh -L 9090:localhost:9090 jina@seva

Kisha unafungua localhost:9090 kwenye kivinjari na Cockpit inatokea, ikiwa imepita ndani ya SSH bila poti mpya kufunguliwa kwa mtu yeyote.

Angalizo moja kwa upande wa pili. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania na majirani zake ilidorora vibaya. Ofisi yenye seva ya mafaili ndani ya jengo ingeweza kuendelea na kazi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuwa nayo. Lakini kama kuingia kwenye paneli kunahitaji uthibitisho kutoka seva ya kampuni iliyoko ng'ambo, unaweza kufungiwa nje ya mashine iliyo chini ya meza yako. Hakikisha paneli inafunguka kwa anwani ya ndani, ile ya 192.168, kwa akaunti iliyomo ndani ya mashine yenyewe. Ijaribu ukiwa umechomoa waya wa intaneti.

Kama seva ni Windows

Ofisi nyingi zina programu ya hesabu au ya mauzo inayotaka Windows tu, na hapo mjadala wa paneli ni mfupi: Microsoft inatoa Windows Admin Center bure, inaendeshwa kwenye kivinjari, na inafaa kuliko kuingia kwa Remote Desktop, ya kuona skrini ya Windows kwa mbali, kila mara. Kinachosumbua zaidi ni kwamba "seva" yenyewe mara nyingi ni Windows 10 au 11 ya kawaida. Hiyo inaruhusu vifaa 20 tu kuunganishwa kwa wakati mmoja kwenye mafolda iliyoyagawa, na kikomo hicho kikifikiwa mfanyakazi mpya anakataliwa wakati nywila yake ni sahihi. Poti 3389 ya Remote Desktop nayo isifunguliwe kwenye ruta, kwa sababu zilezile.

Namna ya kuijaribu kabla ya kuiamini

Kuna programu inaitwa etckeeper. Kazi yake ni kuweka folda ya /etc chini ya git, ili kila badiliko liwe na historia. Isakinishe kabla ya paneli. Halafu weka paneli unayoifikiria, bofya kitu kimoja kidogo, mathalani kuongeza folda ya kugawana, kisha andika:

sudo etckeeper vcs diff

Utaona kwa macho yako paneli imegusa nini. Ikiwa ni mistari minne ndani ya smb.conf, unajua unaweza kuishi nayo na fundi wa mkono kwa pamoja. Ikiwa imeandika upya mafaili kumi na mawili, unajua kwamba kuanzia leo kila kitu kipitie kwenye paneli, na fundi aambiwe hivyo kabla hajagusa kibodi. Mwisho iondoe paneli na uone kinachobaki kinafanya kazi. Jaribio hili linafaa zaidi kwa paneli unazoweka juu ya Linux iliyopo. TrueNAS na Proxmox zijaribu kwenye mashine pepe au kompyuta isiyo na data.

Ukiniuliza kuhusu ofisi ya watu sita au saba wanaogawana mafaili na printa, yenye mtu mmoja anayejua kompyuta kiasi, ningeweka Debian, Cockpit kwa kuangalia afya ya mashine, na nyongeza ya kugawa mafaili. Kama huyo mmoja hayupo na hatakuwepo, ningeweka OpenMediaVault na kuandika kwa herufi kubwa juu ya boksi kwamba mafaili ya /etc hayaguswi. Webmin ningempa anayezijua huduma tayari. Proxmox ningeiweka pale penye programu mbili au tatu zisizopatana, na GB 16 za kumbukumbu au zaidi.

Na vyovyote itakavyokuwa, kabla ya paneli ya kwanza kufunguliwa, washa mashine ukiwa na skrini na kibodi, ingia BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, kabla ya mfumo kuwaka), tafuta mpangilio unaosema kompyuta ifanye nini umeme ukirudi, uweke iwake yenyewe. Mashine nyingi za mtumba zimewekwa zibaki zimezimwa. Cockpit haioni mpangilio huo, Webmin haiuoni, na umeme ukikatika Jumamosi usiku, Jumatatu asubuhi hakuna paneli itakayofunguka mpaka mtu aende akabonyeze kitufe.